Kuwamba na Kutundika Mchoro Mkubwa wa Tingatinga Sebuleni: Mwongozo Kamili

Picha za kuta zinanifikia karibu kila wiki. Chui mzuri, rangi zinawaka, lakini katikati kanvasi imelegea kama hema lililonyeshewa. Twiga katundikwa juu hadi anagusa dari. Msumari umeng'oka, na bamba la lipu limeufuata hadi sakafuni. Kisha linakuja swali lile lile: nimekosea wapi?

Mara nyingi kosa halikufanyika ukutani. Lilifanyika siku mchoro uliponunuliwa bila kipimo, ukakunjwa kwenye mfuko, ukapelekwa kwa seremala ambaye hakuambiwa lolote. Ukutani aibu ndipo ilipoonekana tu.

Hapa nazungumzia mchoro mmoja mkubwa wa wanyama, wa kanvasi, uliopakwa rangi za mafuta za kopo zinazong'aa, zile zile zinazopakwa kwenye milango na mageti. Rangi hizo ndizo zinazoupa mtindo wa uchoraji wa Kitanzania uitwao Tingatinga ukali wake, na ndizo zinazohitaji uangalifu wa pekee. Nitatumia vipimo vya mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mchoro wa sentimita 120 kwa 80, juu ya sofa ya sentimita 180. Chako kikiwa tofauti, badili tarakimu. Hatua usizibadili.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujaanza

Vya kiunzi, yaani fremu ya ndani ambayo kanvasi huwambwa juu yake:

- Mbao kavu za paini za inchi 2 kwa 1: mbili za sentimita 120 na mbili za sentimita 80
- Ubao mmoja mwembamba zaidi wa sentimita 70, wa kushikiza katikati
- Pembetatu nne za plaiwudi, kila upande kama sentimita 10
- Gundi nyeupe ya mbao, skrubu fupi, msasa, msumeno na randa

Vya kuwamba:

- Stepla ya mbao na pini zake, au misumari midogo ya nusu inchi yenye kichwa bapa
- Shuka safi la pamba la kutandika mezani
- Mtu wa pili. Namhesabu kama kifaa, maana mikono miwili haitoshi.

Vya ukutani:

- Drili, biti ya ukuta ya milimita 8, plagi za plastiki za milimita 8
- Skrubu mbili za sentimita 7
- Tepu ya kupimia, penseli, pima maji
- Kandambili kuukuu. Utaona kazi yake.

Ukiambiwa mbao za mninga ni bora kwa kiunzi, kataa kwa adabu. Mninga ni mbao nzuri ya kitanda na mlango, lakini ni mzito na ghali, na hapa mbao zote zinafichwa nyuma ya kitambaa. Paini kavu inatosha. Neno la kushika ni "kavu": mbao mbichi hupinda ikikauka, na ikipinda inavuta mchoro nayo.

## Hatua ya 1: Chagua ukuta, kisha ukate kamba

Simama mlangoni mwa sebule. Ukuta ambao macho yanaufikia kwanza ndio wako, lakini uhakikishe mambo mawili.

La kwanza ni dirisha. Rangi ya mafuta inang'aa kama kioo. Ukiutundika mchoro ukitazamana na dirisha, mchana hutaona chui, utaona dirisha lako ndani ya chui. Ukuta unaofaa ni ule wa ubavuni mwa dirisha, mwanga ukipita kwa upande. Pia jua la alasiri lisiufikie moja kwa moja, kwa sababu baada ya miaka nyekundu na njano huanza kuchujuka.

La pili ni unyevu. Weka kiganja ukutani asubuhi. Ukuta unaopakana na bafu, au wenye lipu inayobunguka chini na kutoa unga mweupe, usiuguse mpaka urekebishwe. Sisi tunaoishi pwani tunajua ukungu hauombi ruhusa.

Sasa pima sofa. Mchoro unapendeza ukiwa na upana wa theluthi mbili za sofa hivi. Sofa ya sentimita 180, mchoro wa 120. Mdogo kuliko hapo unaonekana kama stempu kwenye bahasha, na mpana kuliko sofa unaikandamiza. Kata kamba ya urefu huo uitie mfukoni. Dukani michoro yote huonekana mikubwa, kwa kuwa imebanana. Kamba haidanganyiki.

Kuna swali jingine la kuzungumza nyumbani mapema. Familia nyingi za Kiislamu hazitundiki picha za viumbe wenye roho pale wanaposwali, na nyingine hazitundiki kabisa. Kama sebule ndiyo mnayoswalia, au bibi na babu wanakuja kukaa, waulizeni kabla ya kununua. Wachoraji hao hao huchora mibuyu, majahazi na mashamba ya minazi kwa rangi kali vilevile, na kila hatua iliyo hapa chini inafaa kwa michoro hiyo.

Utajua umefaulu ukiwa na kamba mfukoni, picha ya ukuta kwenye simu, na jibu moja kwa nyumba nzima.

## Hatua ya 2: Mchague mnyama ukiwa mbali

Dar es Salaam, pa kuanzia ni kituo cha ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay. Unawakuta wakichora, unauliza, unaagiza. Unguja, vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa michoro, ingawa pale mara nyingi anayekuuzia siye aliyechora.

Usiutazame mchoro ukiwa umeushika. Mwombe muuzaji auinue, urudi nyuma hatua tano au sita, kama umbali wa kutoka sofa moja hadi nyingine. Mchoro wenye wanyama arobaini wadogo waliosongamana unafurahisha ukiwa karibu, ila ukutani juu ya sofa unageuka vurugu la madoadoa. Ukuta mkubwa unataka mnyama mmoja au wawili wenye umbo linalosomeka: tembo, chui, pundamilia wawili, ndege kwenye tawi. Ile ya soko na kijiji, yenye watu na mbuzi na baiskeli, ipeleke ukumbini au karibu na meza ya chakula, ambako mtu anasimama hatua moja tu kutoka ukutani na ana muda wa kuisoma.

Twiga ni wa ukuta mwembamba. Kati ya mlango na dirisha, mahali ambapo hakuna kinachokaa vizuri, mchoro wa sentimita 40 kwa 120 wa twiga mmoja unakaa kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake.

Angalia pia mnyama anatazama wapi. Akitazama ndani ya chumba, jicho la mgeni linarudi ndani. Akitazama mlangoni, jicho linatoka naye. Ni jambo dogo, lakini nimewahi kuhamisha mchoro wa simba kutoka kushoto mwa ukuta kwenda kulia, bila kubadili kitu kingine chochote, na mwenye nyumba akaniuliza kama nimepaka rangi upya.

Utajua umefaulu ukiweza kumtambua mnyama umefumba jicho moja na kulikunja la pili.

## Hatua ya 3: Maswali matatu kabla ya kulipa

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, kisha inalipiwa baadaye.

Pambizo ni kiasi gani? Kiunzi chetu kina unene wa sentimita 2.5. Kanvasi lazima ipande ubavu huo, igeuke nyuma na ishikwe kwa pini, tena sentimita 2.5. Jumla ni sentimita 5 kila upande ambazo hazitaonekana. Mchoraji akiwa amechora hadi ukingoni kabisa, utapoteza sentimita 5 za mchoro kila upande, na mara nyingi kinachopotea ni sahihi yake iliyo pembeni chini, au ncha za masikio ya tembo. Ukiagiza, mwambie aache pambizo tupu ya sentimita 5 pande zote nne. Hakuna mchoraji atakayekataa, maana naye anataka sahihi yake ionekane.

Ukiwa umekwisha kuupenda mchoro usio na pambizo, kuna njia ya kuuokoa. Usiuwambe. Mwambie seremala aubandike juu ya plaiwudi ya ukubwa huo huo, kisha auzungushie fremu ya nje. Utakuwa mzito zaidi, lakini mchoro mzima utabaki.

Umekamilika lini? Rangi ya mafuta hushikika baada ya siku moja, lakini ndani inaendelea kukauka kwa wiki kadhaa. Bonyeza kidole taratibu kwenye kona yenye rangi nzito. Ikinata, au ikiacha alama ya kidole, mchoro bado. Uache kwa mchoraji, au ukautundike nyumbani kwa kuubana juu tu, mahali penye hewa pasipo vumbi, wiki mbili tatu.

Nani kauchora? Uandike jina lake nyuma kwa penseli pamoja na mwaka. Siku pini ikifyatuka au rangi ikibanduka, yeye ndiye atakayejua alitumia rangi gani. Na kazi ya mtu inastahili jina la mtu.

## Hatua ya 4: Uviringishe, usiukunje

Mchoro wa rangi ya mafuta ukikunjwa kama shuka hupasuka kwenye mkunjo, na ufa huo hauponi. Unaviringishwa, na unaviringishwa rangi ikiwa nje. Watu hufanya kinyume, wakidhani wanailinda rangi kwa kuificha ndani. Rangi ikiwa ndani hubanwa, ikajikunja na kutengana na kitambaa. Ikiwa nje hunyooka kidogo tu, na ukija kuutandaza inarudi mahali pake.

Viringisha juu ya kitu kipana. Bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4 linafaa sana. Juu yake funga shuka la pamba. Gazeti hapana, kwa sababu wino na karatasi hunata kwenye rangi ambayo haijakomaa. Mfuko wa nailoni pia hapana, hasa ndani ya gari kwenye joto.

Kwa ndugu wanaousafirisha mchoro hadi Muscat, London au Toronto, bomba hilo hilo ndilo la kusafiri nalo. Mkifika kwenye baridi msiufungue papo hapo. Rangi iliyopoa hukakamaa. Uacheni ndani ya chumba chenye joto siku nzima kwanza.

Ukifika nyumbani, tandaza shuka mezani au sakafuni, ulaze mchoro rangi ikitazama juu, uuache siku mbili utulie. Ukingo ukijiviringisha, weka vitabu juu ya pambizo, siyo juu ya rangi.

Utajua umefaulu mchoro ukilala wenyewe bila kushikwa.

## Hatua ya 5: Tengeneza kiunzi

Unaweza kumpa seremala, lakini simama naye, maana mambo matatu yaliyo hapa hayafanyi asipoambiwa.

Kata ncha za mbao kwa pembe ya nyuzi 45, uziunge kwa gundi, na nyuma ya kila kona ukaze pembetatu ya plaiwudi kwa skrubu fupi. Mbao zilale bapa, upana wa inchi 2 ukitazama mbele.

Jambo la kwanza: pima mishazari. Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha nyingine. Kwa kiunzi cha 120 kwa 80, kila mshazari uwe sentimita 144 na milimita mbili hivi. Vikitofautiana, sukuma kona ya ule mshazari mrefu mpaka vilingane. Kiunzi kilichopinda kwa sentimita moja hukioni kwa macho, lakini kanvasi itakiona. Mikunjo ya mshazari inayotokea konani, ile ambayo watu huvuta na kuvuta bila kuimaliza, inatoka hapa.

Jambo la pili: ukingo wa ndani upigwe randa. Upande wa mbele wa kila ubao uteremke kidogo kuelekea ndani, milimita tatu au nne, ili kanvasi iguse ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, baada ya miezi utaona mstari wa ubao umejichora juu ya mchoro wako, kama ubavu wa ng'ombe mwenye njaa.

Jambo la tatu: ubao wa katikati uzame nyuma. Mchoro unaozidi sentimita 90 au mita moja unahitaji ubao wa kushikiza katikati, la sivyo mbao ndefu zitavutwa ndani na kiunzi kitapata kiuno. Wetu ni wa sentimita 70, yaani 80 kutoa upana wa mbao mbili za sentimita 5. Uwe mwembamba kuliko zile nyingine na ukae sambamba na mgongo wa kiunzi, usiiguse kanvasi kamwe.

Acha gundi hadi kesho yake. Piga msasa kona na kingo zote zinazogusa kitambaa, kisha upitishe kiganja taratibu. Kibanzi kimoja kinatosha kutoboa kanvasi.

## Hatua ya 6: Wamba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndiyo maana nimetaka mwongozo huu uanzie mbali.

Tunasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwenye ngoma ni methali, kwenye kanvasi ndilo kosa lenyewe. Mtu huanza kona moja, anafuata upande mzima kwa pini mpaka mwisho, kisha anakwenda upande wa pili na kuvuta kwa nguvu zote. Matokeo yake kitambaa chote kimevutwa upande mmoja, mikunjo imekimbilia kona ya mwisho, na mistari ya nyasi iliyochorwa wima imelala kama imepigwa na kusi.

Fanya hivi badala yake.

Tandika shuka, ulaze mchoro rangi ikitazama chini, uweke kiunzi juu yake. Pima pambizo pande zote nne mpaka zilingane, kisha uzungushe penseli kwenye kiunzi ili ujue kikisogea.

Anza katikati ya ubao mmoja mrefu. Piga pini moja. Nenda katikati ya ubao unaotazamana nao, vuta, piga pini moja. Kisha katikati ya ubao mfupi, na katikati ya mwenzake. Sasa una pini nne tu, umbo la msalaba. Inua mchoro, utazame mbele. Utaona umbo kama la tiara, limekazwa katikati na kulegea konani. Ndivyo inavyotakiwa.

Kutoka hapo, songa kuelekea kona. Pini mbili, moja kila upande wa ile ya katikati, umbali wa sentimita 5. Mara moja nenda upande wa mkabala ufanye vivyo hivyo. Kisha pande fupi. Mzunguko baada ya mzunguko, huku na huku, mpaka ubakize sentimita 8 hivi kabla ya kila kona.

Mwenzako avute kwa vidole vyote, siyo kwa ncha ya koleo. Kanvasi tupu mchoraji huivuta kwa nguvu kabla ya kupaka, lakini hii tayari ina rangi ngumu juu yake. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza, simama. Ni rangi inapasuka. Kitambaa kiwe kimenyooka na kimekazika, siyo kinalia.

Kona ziache mwisho. Ingiza ncha ya kanvasi ndani, ulaze mkunjo mmoja juu ya mwingine kama unavyofunga zawadi, na mkunjo huo ukae upande wa juu na chini, siyo ubavuni ambako mgeni anauona. Usikate kanvasi iliyozidi konani, maana siku ya kuwamba upya utaihitaji.

Pini zipigwe kimshazari kidogo, zisifuate uzi mmoja wa kitambaa. Zikifuata uzi mmoja, kitambaa huchanika kwenye mstari huo kama karatasi ya stempu.

Ukibaki na ulegevu mdogo baada ya kumaliza, lowesha kitambaa cha pamba, kikamue sana mpaka kisitoe tone, upitishe kwa wepesi nyuma ya mchoro mahali palipolegea. Pamba ikikauka hujivuta. Mbele usiguse, na usimwage maji. Jaribu mara moja tu, na subiri saa kadhaa kabla ya kuamua.

Utajua umefaulu ukigonga nyuma kwa kidole na kusikia sauti nzito ya ngoma, sauti ile ile katikati na pembeni. Kisha uutazame mchoro kwa ubavu dhidi ya mwanga: uso wote uwe tambarare.

## Hatua ya 7: Tafuta kimo kwa kanga

Kosa la kimo ni la nchi nzima. Tunatundika juu, karibu na dari, labda kwa mazoea ya kuwaepusha watoto. Lakini sebuleni watu wamekaa. Mchoro wa juu unakata uhusiano na sofa, na unaelea peke yake.

Kipimo kinachofaa ni katikati ya mchoro kuwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa sofa na ukingo wa chini wa mchoro. Tupige hesabu ya mfano wetu. Mgongo wa sofa una sentimita 85. Ongeza 20, ukingo wa chini uko 105. Mchoro una kimo cha 80, kwa hiyo juu yake ni 185 na katikati yake ni 145. Vipimo vyote viwili vimekubaliana.

Kabla ya kuamini hesabu, ijaribu. Kunja kanga moja mpaka ifikie 120 kwa 80, watu wawili waishike ukutani kwenye vipimo hivyo, na wewe ukakae kwenye sofa ya mkabala. Kisha usimame mlangoni. Utaona ni chini kuliko ulivyozoea. Kaa nayo dakika moja kabla ya kusema wapandishe.

## Hatua ya 8: Toboa ukuta

Wapangaji, mwombeni mwenye nyumba kwanza, na maandishi kwenye simu yanatosha. Akikataa, mchoro unaweza kusimama juu ya kabati refu ukiegemea ukuta, na hupendeza. Vibandiko vya gundi usivitegemee: kwenye kuta zetu zenye rangi ya maji yenye vumbi, hubanduka na rangi yake.

Tahadhari ya umeme. Waya za ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe kamwe juu wala chini ya hizo kwa mstari ulionyooka.

Hatutumii kamba wala waya nyuma. Mchoro mpana unaoning'inia kwenye msumari mmoja utainama kila mlango unapogongwa. Ubao wa juu wa kiunzi utakaa wenyewe juu ya skrubu mbili.

Ubao huo una upana wa sentimita 5, kwa hiyo sehemu yake ya chini, pale skrubu itakapoushikia, ni 185 kutoa 5, yaani sentimita 180 kutoka sakafuni. Weka alama mbili kwenye kimo hicho, zikiachana sentimita 70, kila moja sentimita 35 kutoka katikati ya sofa. Ubao wa kushikiza utaangukia katikati yake bila kugusana na skrubu. Hakikisha usawa kwa pima maji. Kama huna, mpira mwembamba wa maji wa mafundi ujenzi unafanya kazi hiyo kwa usahihi ule ule. Usipime alama ya pili kutoka sakafuni, kwani sakafu nyingi hazina usawa.

Toboa sentimita 6 kwenda ndani. Lipu peke yake ni sentimita moja na nusu hivi, na plagi iliyoishia kwenye lipu ndiyo ile inayong'oka na bamba zima. Isukume mpaka iingie kwenye tofali lenyewe. Kaza skrubu, uache sentimita 2 nje.

Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale, ukuta ni mnene lakini laini. Zima mpigo wa nyundo wa drili, uiache izunguke tu, na tumia skrubu na plagi ndefu zaidi. Tundu likibomoka usilazimishe. Lijaze saruji au chokaa, subiri likauke, ndipo utoboe tena. Kuta za jipsamu zilizo tupu ndani, kama za nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, zinahitaji plagi zinazofunguka nyuma ya ubao.

Sasa kandambili. Kata vipande vinne vya unene wa sentimita moja, uvibandike nyuma kwenye kona nne za kiunzi. Vinauacha mchoro mbali kidogo na ukuta, hewa inapita, na ukungu hauoti. Vilevile vinazuia usiteleze.

Pandisha mchoro watu wawili. Utajua umefaulu ukiusukuma kwa kidole na kurudi mahali pake, na ukipita mlangoni usitamani kuunyoosha.

## Hatua ya 9: Nyamazisha vingine

Mchoro wenye rangi kali ni msemaji. Ondoa kwenye ukuta huo kalenda, saa na maua ya plastiki. Picha za harusi zina heshima yake, zipe ukuta mwingine.

Ukuta wenyewe uwe krimu au mweupe uliopoa. Ukipenda rangi, chagua moja iliyomo kwenye mchoro kwa uchache, siyo ile iliyojaa. Kisha chukua rangi mbili tu kutoka kwenye mchoro uzipe foronya za mito. Kitenge cha maua makubwa na pazia la maua karibu na chui mwenye madoa vitapigana usiku na mchana, na chui ndiye atakayeshindwa.

Angalia taa. Balbu nyeupe kali, iliyoandikwa 6500K, hufifisha nyekundu na rangi ya chungwa. Badili uweke ya 2700K au 3000K, na usiku chui atawaka. Ni badiliko rahisi kuliko yote yaliyotangulia, na linashangaza kila mara.

## Baadaye

Ukilegea masika, subiri. Kanvasi ya pamba hubadilika na unyevu, na kiangazi mara nyingi huirudisha. Ukiendelea kulegea, ng'oa pini za pande mbili zinazopakana tu, uvute upya kuanzia katikati.

Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini. Mafuta ya taa, petroli na tina ni marufuku, kwani ndivyo vinavyoyeyusha rangi hiyo hiyo. Dawa ya mbu usiipulize ukielekea mchoro.

Unga wa mbao ukiuona sakafuni chini ya mchoro, ushushe siku hiyo hiyo. Ni dumuzi, na wameingia kwenye kiunzi. Ng'oa pini zote, uuviringishe mchoro rangi ikiwa nje, kiunzi kikachomwe mbali na nyumba, na utengeneze kingine kuanzia hatua ya 5.